Mkono wa Mama Resti

Juzi nilikwenda hospitali Biharamulo kwa ajili ya magoti, nikamkuta Yudita. Kwanza sikumjua. Niliona bibi mmoja amekaa kwenye benchi karibu na dirisha la dawa, ameshika fimbo, anabishana na kijana wa mapokezi kwamba yeye amechoma watu sindano kabla baba yake yule kijana hajaota ndevu. Sauti ile nikasema hii naijua. Nikamsogelea, nikasimama mbele yake, nikamwambia, "Mikono ife!" Akanitazama toka viatu mpaka kofia. Akaegemeza fimbo ukutani, akainuka, akashusha mikono ubavuni ikanyooka kama ya askari, akajibu kwa sauti ya kliniki nzima, "Miguu iishi!" Dada mmoja mwenye mtoto mgongoni akasogea kando, nadhani alidhani ni ugonjwa wa kuambukiza. Tukacheka mpaka Yudita akakohoa, na alipomaliza kukohoa akafuta macho, akasema, "Tumebaki wawili, Masanja." Nikawapitia wote kichwani, mmoja mmoja, nikaona ni kweli. Tulikuwa wanane. Nilipoingia kwa daktari akaniuliza kama ujanani nilicheza mpira, maana magoti yamelika vibaya. Nikamwambia hapana, daktari, mimi nilicheza ngoma ya wazungu wa Ayalandi. Akaandika kitu. Sikuuliza ameandika nini, lakini nilivyorudi nyumbani nikaona heri na mimi niandike, maana Yudita anakohoa na mimi natembea kwa kushika kuta, na mambo ya mwaka ule yakibaki vinywani mwetu yatakwenda na sisi.

Mwaka ule, miaka kadhaa kabla wakimbizi hawajajaa Ngara, nilikuwa Bugarama nasaidia mafundi kujenga wodi mpya ya wazazi kwenye zahanati ya misheni. Nilitoka Nyakahura kwa lori la mahindi, kijana wa Kisukuma ambaye kazi aliyoijua ni ng'ombe na jembe, nikawa nabeba zege, nachanganya udongo, baadaye nikapewa mwiko nikajifunza kupiga lipu. Wenyeji pale ni Wahangaza, Wakatoliki wa siku nyingi, watu wa migomba na kahawa, na mimi walinitania kutwa nzima. Nikipita waliuliza ng'ombe wangu nimewafunga wapi. Nikichelewa kula waliambizana, "Muacheni, anacheua." Sikuwachukia, lakini jioni nilikaa peke yangu kwenye banda la vifaa nikatafuna michembe yangu niliyotoka nayo nyumbani, viazi vitamu vile vilivyokatwakatwa na kukaushwa, nikasikia wao wanacheka kwa lugha yao upande wa pili, nikajiona kama kiti kilichowekwa uani. Mtu wa kwanza kuniita kwa jina langu alikuwa mpishi wetu, mama mmoja mjane aliyeitwa Anastazia, ila kila mtu alimwita Mama Resti kwa binti yake Restituta. Alitupikia ndizi na maharage ya mawese, na samaki wadogo siku wakipatikana. Mkono wake wa kupakua ulikuwa mzito kwangu. Alisema, "Wee Masanja, kula. Msukuma mwembamba ni aibu kwa zizi lake." Nilikuwa nikimwamkia shikamoo asubuhi na kumwamkia tena mchana ili tu anijibu marahaba.

Sasa hiyo ngoma ilianza kwa utani wa katekista. Mkubwa wa zahanati alikuwa Sista Nora, mzungu wa Ayalandi, mama mfupi mwenye uso mwekundu, Kiswahili chake cha kitabuni kilichonyooka kama rula. Wodi ikimalizika Baba Askofu angekuja kuibariki, na kila kigango kingeleta ngoma yake. Siku moja tunakunywa chai, katekista, Mzee Sabasi, akamwambia, "Sista, ngoma zote zitakuja. Na ninyi masista mtaleta nini? Au kwenu hakuna ngoma, kuna kusali na mvua tu?" Sista akaweka kikombe chini. Akasema, "Kwetu kuna ngoma, Katekista. Na wewe utaicheza." Watu wakapiga makofi, wakadhani ni majibu tu. Jumamosi iliyofuata, kliniki ilipofungwa, akatuita. Alitaka watu wazima, maana watoto walikuwa na kwaya yao, na alitaka wanane, wanaume wanne na wanawake wanne, asipungue mtu wala asizidi, kwa sababu ngoma ile inakaa kama chumba chenye kuta nne na kila ukuta una watu wawili wake. Yeye mwenyewe asingeweza kucheza, goti lake aliliumiza alipoanguka na pikipiki njia ya Rulenge. Alipata Mzee Sabasi na mkewe, akapata Yudita ambaye alikuwa nesi msichana tu, akapata mafundi wawili na mama mmoja wa usafi, akampata Mama Resti. Mwanamume mmoja akawa anakosekana. Mimi nilikuwa napita na ndoo ya chokaa.

Chumba chenyewe kilikuwa kile cha kliniki ya akina mama. Sakafu ya saruji iliyopakwa nta nyekundu, mabenchi tuliyasukuma ukutani, na katikati, kwenye boriti, ilining'inia mizani ya kupimia watoto pamoja na ile suruali yake ya turubai. Ndoano ilikuwa imeshikwa na kutu, ikabaki hapo hapo, na ngoma yote tuliizungushia pale. Sista aliweka redio kaseti kwenye meza ya chanjo, akabonyeza, ukatoka muziki wa fidla na filimbi unaokimbia kama mbuzi waliofunguliwa. Halafu akatufundisha, na hapo ndipo shida ilipoanza. Sisi kwetu ngoma iko juu. Msukuma anacheza kwa mabega na mikono, jembe linarushwa hewani linadakwa. Mhangaza naye anainua mikono kama pembe za ng'ombe, shingo inapinda, uso unatazama mbali. Ngoma ya Sista ni kinyume. Kiwiliwili kinanyamaza kabisa, uso umetulia kama mtu aliye foleni ya benki, na huko chini miguu inafanya vituko. Kuna mwendo wanauita saba, unakwenda pembeni kwa vidole, na kuna mwendo wanauita tatu, kidogo tu, pale pale uliposimama, mguu unagusa nyuma ya mwenzake kisha unarudi, kama mtu anayebisha hodi sakafuni. Kila saba inafungwa na tatu. Muziki ulipoanza mikono yetu sisi wanaume ilipanda yenyewe. Mzee Sabasi alikuwa na pembe tayari kabla ya mguu kuinuka. Mimi mkono wangu uligonga mizani, mizani ikanirudia ya kichwa. Sista akapiga kelele, "Mikono ife! Miguu iishi!" Tukacheka, lakini haikusaidia. Alituambia tushike mishono ya suruali. Fundi mmoja alishika yake kwa nguvu mpaka ikafumuka.

Mama Resti peke yake hakuambiwa neno. Toka Jumamosi ya kwanza mabega yake yalitulia, shingo imesimama, na miguu yake pekupeku ilikwenda kwenye ile nta kana kwamba sakafu ndiyo inayosogea. Sista alisimamisha kaseti akamwuliza amejifunza wapi. "Mtoni, Sista," akasema. "Nimebeba mtungi toka nina meno ya utoto. Ukitikisa mabega unalowa." Nimeona wachezaji wengi maishani mwangu. Nimeona wale wanaoshindana Sukumani mavuno yakiisha, watu wanaocheza na nyoka shingoni, na nimeona vijana wa siku hizi kwenye simu za wajukuu. Sijaona mtu anayecheza kama yule mama, na nasema hivi nikiwa sina sababu ya kumpamba. Alikuwa mtu wa makamo, visigino vimepasuka kwa shamba, gauni la kupikia lina alama za masizi, lakini ile fidla ikianza ungesema kuna msichana amekaa ndani yake siku zote akingoja kuitwa. Na kwa kuwa yeye alikuwa wa kwanza na mimi nilikuwa wa mwisho, Sista akatuunganisha. Nilipewa mkono wake. Mkono ule ulikuwa mkavu, mgumu kiganjani, na ulijua njia. Nikipotea ulinivuta. Nikitaka kwenda kulia wakati wenzangu wanakwenda kushoto ulinibana vidole kabla sijakosea. Nilimkanyaga sana. Nilivaa katambuga, zile ndala za matairi, na Sista alizipenda mno kwa ule mlio wake kwenye saruji, akasema kwao watu hutengenezewa viatu vya kupiga kelele kama hivyo kwa bei kubwa, akawaambia na wanaume wengine wavae. Mama Resti akasema, "Sista, wewe unasikia mlio. Mimi nasikia tairi la lori."

Baada ya mazoezi tulikunywa chai ya maziwa na mkate wa Sista. Aliuoka kwa magadi, kwenye sufuria yenye makaa juu ya mfuniko, ukatoka mgumu nje na mzito ndani. Mzee Sabasi alisema ni mkate wa Kwaresima. Mama Resti alisema una ladha ya dawa ya tumbo, halafu akafunga kipande kwenye pindo la khanga cha kupeleka nyumbani. Na nyumbani palikuja pale pale, kwa sababu Restituta alikuwa anakuja jioni kumsaidia mama yake kubeba masufuria. Alikaa kwenye benchi la chini ya dirisha, ameziba mdomo kwa kiganja, mabega yanatikisika. Siku moja nilijikaza nikaenda na kikombe changu. Akaniambia, "Mama anasema una miguu ya ng'ombe aliyetoka kwenye josho." Nikasema, "Na wewe unasemaje?" "Mimi sijasema. Naangalia tu." "Unaangalia nini?" "Naangalia mama yangu anavyokanyagwa." Akainuka na masufuria yake kichwani, mabega hayatikisiki, akaondoka. Nilimwaga chai. Toka siku ile nikawa naishi kwa kungoja Jumamosi, na sikujua naingojea kwa ajili ya nani, mama au binti, ngoma au benchi. Naona sasa ilikuwa kitu kimoja. Nilikuwa nimepata watu.

Hapa lazima nieleze jambo, maana wajukuu zangu nao hawalishiki tena sawasawa. Kwetu mama mkwe haguswi. Humshiki mkono, humtazami usoni, huli naye chombo kimoja, ukimwona njiani unapinda na yeye anajifunika. Kumgusa hata kwa bahati mbaya ni mkosi, kuna kondoo wa kutoa. Wahangaza wa pale nao hawakuwa mbali na hapo. Na ukwe unaanza siku pombe ya posa inapopokelewa nyumbani kwa binti, hata kama ndoa bado. Mimi nilimpenda Restituta, na baada ya miezi ya lile benchi nikajua naye ananitaka, kwa sababu aliacha kucheka nikikosea akaanza kukunja uso. Lakini siku nitakayopeleka pombe, mkono wa mama yake umeondoka. Na bila mkono ule ngoma haipo, kwa sababu tulikuwa wanane wa kuhesabiwa na hakuna wa akiba. Nikangoja, na kungoja nako kulikuwa na hatari yake. Kulikuwa na bwana mmoja wa Biharamulo mjini, fundi redio mwenye pikipiki, ameshapita mara moja kuulizia, na shemeji yake Mama Resti, mdogo wa marehemu mumewe, alimpenda yule bwana, au alipenda pikipiki. Nikatuma neno Nyakahura kwa dereva wa lori kwamba baba mkubwa ajiandae, nimeona mchumba, ila asije mpaka nimwite. Dereva alifikisha nusu ya neno.

Baba mkubwa Luhende akatokea Jumamosi, mazoezi yamepamba moto. Alikuwa mzee mrefu, mwenye koti hata juani, na huko nje ameshauliza, ameshaonyeshwa nyumba ya akina Restituta, ameambiwa mama mtu yuko zahanati. Aliingia mlangoni wakati mimi na Mama Resti tumeshikana mikono yote miwili, tunazunguka kwa kasi ile ambayo ukiachia unaruka. "Masanja! Achia!" Nikaachia. Mama Resti akaenda moja kwa moja kwenye mizani, akaikumbatia, ikazunguka naye. Sista akazima kaseti. "Unajua umeshika nini hapo?" baba mkubwa akasema, ananinyooshea fimbo. "Mimi nimekuja na loli siku nzima kukuombea binti, na wewe unamzungusha mkweo kama gurudumu?" Restituta kwenye benchi akajifunika khanga usoni. Mzee Sabasi akamweleza Sista taratibu, na Sista akasikiliza kwa makini kama mtu anayeambiwa dalili za mgonjwa, akasema, "Basi ni rahisi, tubadilishe wenzi." Sabasi akatikisa kichwa. "Sista, kwenye ngoma yako kila mwanamume anafika kwa kila mwanamke. Umeifunga wewe mwenyewe." Sista akakaa kwenye meza ya chanjo. Hakuna aliyekunywa chai siku ile.

Jumatatu nilikuwa ndani ya wodi mpya napiga lipu karibu na dirisha lisilo na mbao bado, nikasikia sauti kibarazani. Baba mkubwa alikuwa amemfuata Mama Resti jikoni, naye akamletea kigoda upande ule wa kivuli, yeye akakaa mbali kidogo anamenya ndizi. Nilisikia kisu kinavyokwenda. Baba mkubwa akasema, "Mama, nimekuja kwa heshima. Ila nimekuta mambo ambayo sijui nianzie wapi." "Anzia popote, baba, ndizi ni nyingi." "Huyu kijana amekugusa. Nikikuomba binti, ninamwombea mkosi." Kisu kikasimama. "Mimi ni mkwe wake?" akauliza. "Bado." "Nimepokea pombe yenu?" "Bado, ndiyo kwanza nimekuja." "Basi hajamgusa mkwe. Amemgusa Anastazia mpishi, na amemkanyaga pia, njoo nikuonyeshe vidole." Nikasikia baba mkubwa anaguna, alikuwa karibu kucheka akajizuia. Akasema, "Sawa. Basi niruhusu niilete wiki hii, tumalize." "Usilete." "Mama!" "Lete siku ya pili baada ya sikukuu ya Askofu. Kabla ya hapo sipokei." "Na yule wa pikipiki tukichelewa?" "Atatangulia kuja. Kupokelewa ni jambo jingine. Nyumba yetu mtungi wa posa haufunguliwi mpaka mama wa binti aonje." "Shemeji yako atakulazimisha." "Shemeji ana mdomo wa kusema, wa kunywea kwa niaba yangu hana." Baba mkubwa akasema kwa sauti ya chini, na hapo niliona aibu kwa niaba yake, "Kwa hiyo kurukaruka ndiko kukubwa kuliko ndoa ya mtoto wako?"

Nikaacha mwiko. Nikasikia Mama Resti anaweka kisu chini. "Baba," akasema, "niliolewa nikiwa mdogo kuliko huyu binti. Nimelima cha watu, nimezaa, nimezika, nimepika. Sikatai, ndiyo kazi. Mwaka huu nimepata kitu kimoja ambacho si cha mume wala cha mtoto wala cha tumbo la mtu. Chenyewe kinaisha siku ya sikukuu, Sista anarudi kwao kutibu goti. Siku ya pili yake niiteni mkwe, nitajifunika uso mpaka kaburini, na huyo kijana namtaka, si kwamba simtaki. Lakini mpaka siku ile niachieni mkono wake." Kisha akapaza sauti, "Na wewe unayepaka ukuta mahali pamoja toka asubuhi, umesikia?" Nikatoa kichwa dirishani. "Nimesikia, mama." "Utangoja?" Nilimtazama baba mkubwa, akawa anatazama ncha ya fimbo yake. Nilijua nikisema ndiyo naweza kumkosa Restituta. Shemeji alikuwa mwanamume mwenye sauti, na mjane ana mlango mmoja tu wa kujifungia. Nilijua pia nikisema hapana nitampata, na mama huyu atarudi kwenye masufuria yake, na hatanilaumu kamwe. Nikasema, "Nitangoja." Akarudi kwenye ndizi zake. "Basi paka na upande wa pili," akasema.

Wiki zile nikisikia pikipiki barabarani naacha mwiko, natoka kuchungulia. Na pikipiki ikaja kweli, Jumamosi ya mwisho ya mazoezi, na nyuma yake kigari cha kukodi chenye wazee na mitungi. Restituta aliingia kliniki anahema. "Mama, wageni wa Biharamulo. Baba mdogo amewakaribisha, mitungi imewekwa katikati ya nyumba. Unaitwa ukaonje." Sote tukasimama. Mama Resti alikuwa ameshika mkono wangu, hakuuachia. Akamtazama binti yake. "Na wewe unasemaje?" Restituta akatazama sakafu, akatazama katambuga zangu, akasema, "Mimi nasema mazoezi hayajaisha." Mama Resti akageuka. "Sista, rudisha kanda. Tunaanza mwanzo."

Tukaanza mwanzo. Ilipoisha tukaanza tena. Sista mwanzoni hakuelewa, akadhani tumepatwa na bidii, akafurahi, akawa anapiga makofi. Katikati ya mzunguko Yudita akampitia karibu akamnong'oneza, nami nikaona uso wa Sista unabadilika, akatembea na lile goti lake mpaka mlangoni akaufungua wazi ili nje waone tuko kazini. Shemeji akaja mwenyewe. Akasimama kizingitini, amevaa shati la sikukuu. "Shemeji, wageni wanakungoja." "Niko kazini, shemeji," Mama Resti akamjibu akipita. "Kazi gani ya kurukaruka?" Ilibidi angoje, maana zamu yetu ilikuwa imevuka upande wa pili, tukazunguka, tukarudi. "Ya Baba Askofu," akasema alipofika tena. "Kamwulize." Shemeji akataka kuingia amshike mkono. Sista Nora akasimama mbele yake, kichwa chake kinafika kwenye kifungo cha pili cha lile shati, akasema kwa Kiswahili chake, "Bwana, karibu ucheze, au karibu uende." Shemeji akatazama lile duara la watu wanaotokwa jasho, akatazama suruali ya turubai inavyoyumba, akaondoka anaongea peke yake. Betri zikaanza kuchoka. Fidla ikawa nzito, ikavutika kama ng'ombe mwenye njaa, ikafa. Hakuna aliyesimama. Mzee Sabasi akaushika ule wimbo kwa mdomo, mkewe akaupokea, Yudita akauweka juu, tukacheza kwa vinywa vyetu wenyewe, na nyayo. Magoti yangu haya ninayomeza vidonge kwa ajili yake, naona yaliharibika siku ile, na sijutii. Mama Resti hakuwa anatabasamu. Uso wake ulitulia vile vile kama mtungi uko juu, ila kiganja kilikuwa kimelowa. Jua likaelekea kuzama. Njia ya Biharamulo ni ndefu na ina pori, hakuna mzee anayetaka kuipita gizani kwa kigari cha kukodi. Tukasikia pikipiki inawashwa. Restituta akaenda dirishani, akasimama kwa vidole, akasema, "Wanapakia mitungi. Haijafunguliwa." Yudita akalala chini palepale kwenye nta, chali, na vazi lake jeupe la unesi.

Sikukuu yenyewe watu wengine wameshaisimulia, kwa hiyo sitaipamba. Wodi ilibarikiwa, ngoma za vigango zikapigwa, vumbi likapanda. Ilipofika zamu yetu walituwekea mbao juu ya nyasi, na tulipopanda tumeshusha mikono, uwanja ukacheka, wakadhani tumegoma. Halafu katambuga zikaanza. Mlio ule kwenye mbao, mabibi, mabwana! Kicheko kikakatika, vigelegele vikaanzia kwa akina mama wa kliniki, na waliokaa mbele walisema baadaye kwamba kiatu cha Baba Askofu kilikuwa kinatembea chini ya kanzu. Mimi sikuona. Nilikuwa naona mkono. Nilipewa kila mwanamke na nikamwachia, na kila mara mzunguko ulinirudisha kwake. Mzunguko wa mwisho, tumeshikana yote miwili, akasema bila kusogeza uso, "Leo hujanikanyaga." Nikasema, "Bado, mama." Akacheka, ndiyo mara pekee niliyomwona anacheka ndani ya ngoma, na mabega hayakutikisika hata hivyo. Fidla ikasimama. Watu wanapiga kelele, wenzetu wameshaanza kuinamisha vichwa kama Sista alivyotufundisha, na yeye alikuwa bado amenishika. Akanibana vidole mara moja, kwa nguvu, vile alivyokuwa akinibana nikitaka kupotea. Akaachia.

Siku ya pili baba mkubwa akaja na watu wake na pombe. Tuliwekwa kwenye mkeka, mimi katikati, kichwa chini kama inavyotakiwa, sitazami mtu. Nilimsikia Restituta chumba cha pili anaambiwa anyamaze. Wazee wakaongea maneno yao marefu. Kisha mlango wa ndani ukafunguliwa, nikajua anakuja kuonja. Sikumwona. Ningemwona vipi, amejifunika kitenge mpaka kidevuni na mimi macho yangu yako mkekani. Niliona miguu yake tu, pekupeku, visigino vile vilivyopasuka, inapita mbele yangu taratibu kwenda kwenye mtungi. Ilipofika usawa wangu ikasimama. Mguu wa kulia ukaenda nyuma ya mwenzake, ukagusa sakafu, ukarudi. Tatu moja, ndogo, bila mlio. Kisha ikaendelea na safari yake.